Kumfundisha mgonjwa wa sukari kujichoma insulini: acha mkono wake ufanye

Hii nawaandikia manesi wenzangu, matabibu, wahudumu wa afya wa mitaani na wale ndugu ambao ndo wanamchoma mzazi au mtoto nyumbani, huku kwetu Mwanza, iwe uko Buhongwa, Igoma, Kirumba au umevuka uko Sengerema au Ukerewe. Jambo langu ni moja na nitalirudia huko chini: mgonjwa hajafundishwa kwa sababu wewe umeongea, amefundishwa pale aliposhika bomba mwenyewe, akavuta dozi mwenyewe, akajichoma mwenyewe, na wewe umekaa pembeni unaangalia mkono wake. Akikwambia "nimeelewa nesi" mara nyingi hiyo ni heshima tu, watu wetu wana adabu hasa wazee, hawezi kukwambia sijaelewa wakati kliniki imejaa na benchi zima linasubiri, ataitikia ndio, atafunga mfuko wake, atapanda daladala, akifika nyumbani anaanza kumuuliza jirani.

Msikilize kwanza

Kabla hujachana pakiti ya bomba muulize anaogopa nini, uliza hivo hivo wazi. Majibu utakayopata huku ni yale yale, kwamba insulini ni hatua ya mwisho, ukianza hutoki, fulani alianzishwa akakatwa mguu, mwingine alianzishwa akapofuka. Usimkatishe na usimcheke. Mwambie ukweli kwamba mguu na macho viliharibiwa na sukari iliyokaa juu miaka mingi, sindano ilikuja imechelewa ndo ikabeba lawama. Mimi huwa nawaeleza habari ya Leonard Thompson, mtoto wa miaka 14 kule Toronto, Kanada, ambaye Januari 1922 ndo alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa kisukari kwa kuchomwa insulini. Alikuwa amekonda kabaki mifupa, enzi hizo hakukuwa na dawa yoyote, mtoto wa namna hiyo alikuwa anasubiriwa afe tu, na yeye akaishi miaka 13 mingine. Wazazi wakisikia hiyo wanatulia, wanaanza kuuliza maswali ya maana.

Mwenye kisukari aina ya kwanza, ambao wengi ni watoto na vijana, hapo usizunguke. Mwambie mzazi kwamba mwili wa mtoto hautengenezi insulini, akiiacha hata siku chache ni hatari ya kufa. Maombi aendelee nayo, lakini insulini isiachwe, na dawa za miti shamba haziwezi kukaa mahali pake.

Alafu muulize maisha yake yanaendaje na hapa usiulize juujuu. Anakula saa ngapi, nani anapika, kuna siku jioni inapita na chai ya rangi tu? Anafanya kazi gani? Maana huku ziwani kuna wavuvi wa dagaa, hawa wanaingia majini jioni na taa zao wanakesha wanavuta nyavu mpaka alfajiri, sasa mtu huyu ukimwambia tu "choma asubuhi na jioni" kama mfanyakazi wa ofisini, anachoma dozi yote ya jioni alafu anaenda kufanya kazi nzito usiku kucha tumbo likiwa tupu, sukari inashuka katikati ya ziwa, gizani, na wenzake wanadhani kalewa au kasinzia. Mtu kama huyo ratiba yake ipangwe na daktari kabla hajatoka kliniki, abebe chakula na sukari kwenye mtumbwi, na angalau mwenzake mmoja ajue anaumwa nini na afanye nini. Mama anayewahi samaki Mwaloni kabla hakujakucha na anatia kitu tumboni saa nne asubuhi, naye ni hivo hivo, dozi yake ya asubuhi haiwezi kuchomwa saa kumi na moja alfajiri kwa sababu tu kadi imeandikwa asubuhi.

Bomba na chupa visomwe pamoja

Chupa nyingi za insulini tunazotumia zimeandikwa uniti 100 kwa mililita, yaani ile ya mililita 10 ina uniti 1000 ndani. Bomba nalo lazima liwe la U-100, yaani lile la insulini ya uniti 100 kwa mililita. Yapo mabomba ya U-40, na mtu akivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 mpaka kwenye alama ya 20, hapo hajavuta uniti 20, amevuta 50, mara mbili na nusu ya dozi yake, na hiyo inaweza kuua. Kwa hiyo mfundishe asome chupa, asome bomba, vifanane ndo aendelee. Bomba la kawaida la mililita 2 au 5 la kuchomea dawa zingine halitumiki kabisa, hata kama ya insulini yameisha duka zima la dawa.

Kitu kingine kinachowachanganya sana ni vistari. Kwenye bomba la mililita 1 kistari kimoja kwa kawaida ni uniti 2, kwenye lile dogo la nusu mililita kistari kimoja ni uniti 1. Sasa wengi wao hawasomi namba, wanahesabu vistari, unakuta bibi kazoea vistari 12 kwenye bomba dogo na mambo yanaenda vizuri, mwezi huu amekosa dogo kapewa kubwa, kahesabu vistari vyake 12 vile vile, tayari kavuta uniti 24. Mfundishe namba. Kama namba hazisomi kabisa basi chukua bomba moja la aina anayotumia, piga alama kwa maka peni pale dozi yake inapofika, abaki nalo nyumbani kama kielelezo cha kulinganishia tu, na umsisitizie kwamba siku akipewa bomba la sura nyingine asichome kabla hajaja kuonyesha au kumwonyesha mtu anayesoma. Dozi ikibadilishwa kielelezo cha zamani kitupwe siku hiyo hiyo.

Na macho usiyasahau. Kisukari chenyewe kinaharibu macho, ukichanganya na uzee, vile vistari mtu havioni, ila hatakwambia. Msogeze dirishani penye mwanga, mpe bomba na chupa ya maji, mwambie vuta 10, haya mwaga, vuta 16, mwaga, vuta 24. Wewe kaa kimya. Akikosea hata moja kati ya hizo, huyo anahitaji mtu wa nyumbani wa kumvutia, mwombe aje naye kesho au mpigie simu hapo hapo.

Kuvuta dozi

Mikono inaoshwa kwa maji na sabuni. Insulini iliyotoka kwenye friji iachwe nje kama nusu saa kwanza, ya baridi inauma. Alafu iangaliwe kwenye mwanga: ile ya maji maji kama Actrapid inatakiwa iwe angavu kabisa, ikiwa na ukungu au rangi haifai, na ile ya maziwa kama Insulatard na Mixtard inatakiwa ikishachanganywa iwe nyeupe sawasawa chupa nzima, ukiona mabonge mabonge au chembe zimeganda ukutani mwa chupa, hiyo imeharibika.

Hapa kwenye kuchanganya ndo tunapita haraka sana na ni kosa. Hii ya maziwa ikikaa inatuama, dawa inaenda chini maji yanabaki juu. Mtu asipoichanganya leo anachoma maji maji sukari inakuwa juu, wiki ijayo anachoma ule uzito wa chini sukari inaporomoka, na wote kliniki mnashangaa mbona haieleweki. Aizungushe kati ya viganja viwili mara 10, alafu aigeuze juu chini taratibu mara 10, aangalie, kama bado kuna weupe umekaa chini arudie. Asiitikise kwa nguvu kama dawa ya kikohozi, inatoa povu na dozi haivutiki vizuri.

Kile kiraba cha juu kifutwe na spiriti kiachwe kikauke. Avute hewa kwenye bomba kiasi sawa na dozi yake, aingize sindano kwenye chupa, asukume ile hewa ndani, ageuze chupa kichwa chini, avute dawa kupita dozi kidogo, agonge bomba kwa kidole ili viputo vipande juu, avirudishe ndani ya chupa, asimame kwenye namba yake. Wagonjwa wengi wanaogopa kiputo wakidhani kitawaua, waambie chini ya ngozi kiputo hakiui, shida yake ni kwamba kinakaa mahali pa dawa na dozi inapungua. Akiwa ameandikiwa achanganye mbili kwenye bomba moja, hewa inaanza kwenye ile ya maziwa, kisha hewa kwenye ya maji, anavuta ya maji kwanza ndo amalizie na ya maziwa, asigeuze mpangilio huo kamwe.

Mazoezi ya kwanza fanyeni kwa chupa tupu iliyowekwa maji, na chungwa la kuchomea. Avute, achome chungwa, arudie mpaka mkono uache kutetemeka. Bomba na chupa za mazoezi zibaki kliniki, zisiingie kwenye mfuko wake. Alafu ile dozi yake halisi ya siku hiyo, kama muda wake umefika na chakula kipo, ajichome mbele yako. Sio wewe umchome "kwa leo tu". Ukimchoma wewe leo, kesho asubuhi atakuwa anaanza peke yake chumbani.

Wapi pa kuchoma

Tumbo, mapaja upande wa mbele na nje, makalio sehemu ya juu kwa nje, na nyuma ya mkono wa juu. Kitovu kiachwe, sisi tunasema vidole viwili kila upande, ni rahisi kukumbuka. Mkono wa juu mtu akiwa peke yake ni mgumu kwa sababu hawezi kushika ngozi na bomba kwa wakati mmoja, kwa hiyo mimi simpi mtu anayejichoma bila msaidizi. Insulini ya kawaida ya maji inanyonywa haraka zaidi tumboni, kwa hiyo hiyo ya kabla ya kula tumbo ni zuri. Ile ya maziwa ya usiku inafaa zaidi pajani au kalioni, inaingia taratibu na haimshushi sukari usingizini. Wenye Mixtard mara mbili kwa siku asubuhi tumbo, jioni paja. Na asichome kwenye kiungo anachokwenda kukifanyisha kazi muda huo huo, mwendesha baiskeli asichome paja alafu akaanza kupanda vilima vya Mabatini, mvuvi asichome mkono alafu akashika kasia, misuli ikifanya kazi insulini inanyonywa haraka.

Sasa kuhama hama sehemu. Kila mtu anasema "badilisha sehemu" alafu inaishia hapo. Badilisha vipi? Ligawe tumbo kwa mistari miwili ya kufikirika inayokutana kitovuni, upate robo nne. Wiki hii robo moja, wiki ijayo inayofuata, unazunguka upande mmoja tu bila kuruka. Ndani ya ile robo kila sindano ikae mbali na ya jana kwa upana wa kidole. Mapaja gawa kila moja mara mbili. Chukua kalamu umchoree kwenye ngozi yake mwenyewe, kwa ruhusa yake, sio kwenye karatasi tu. Akirudi nyumbani aandike kwenye daftari anachomia robo gani wiki hii.

Nakuomba sana ushike tumbo la mgonjwa. Nakumbuka mama mmoja wa Igoma, mtu mzima wa makamo, kadi yake inaonyesha kituo alichokuwa anaenda kabla wamepandisha dozi, wakapandisha tena, na sukari ya asubuhi bado iko 16, 17 (mmol/L). Ameulizwa kuhusu ugali, ameulizwa kuhusu michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), ameulizwa kama anaruka dozi, amegombezwa kidogo. Nikamsalimia, nikavuta pazia.

"Mama, naomba nione pale unapochomaga."

"Hapa hapa mwanangu, huku hapaumi."

Akafunua. Kulia na kushoto mwa kitovu ngozi imeinuka pande mbili, ukiangalia kwa haraka unasema ni mafuta ya tumbo tu, lakini ukipitisha vidole unakuta kigumu chenye mpaka, upana wa vidole vitatu, na katikati vitobo vidogo vimejipanga. Alikuwa hadanganyi, hapaumi kweli, na ndo maana anapapenda. Kuchoma sehemu moja muda mrefu kunafanya mafuta ya chini ya ngozi yavimbe na kuwa magumu, hisia inapungua, na insulini ikiingia humo inanyonywa kidogo siku moja, nyingi siku nyingine, hakuna anayejua. Yule mama alikuwa anachoma kila siku, kwa uaminifu wote, dawa inakwama kwenye uvimbe. Hakuna aliyewahi kumwambia afunue gauni.

Ukikuta hivo usimwambie tu "hamia pajani" ukamwacha aende. Dozi ile kubwa ilipandishwa kwa sababu ya uvimbe, akiichoma yote kwenye sehemu nzima isiyo na uvimbe inaingia yote na sukari itaanguka vibaya. Mpeleke kwa daktari dozi ipunguzwe siku hiyo hiyo anayohama, apimwe sukari mara nyingi zaidi siku za mwanzo, na ile sehemu yenye uvimbe iachwe miezi kadhaa mpaka ilainike. Mfundishe na yeye mwenyewe kujipapasa, akiwa anaoga na sabuni mkononi vidole vinateleza vizuri, akisikia kigumu asichome hapo.

Kuchoma kwenyewe

Ngozi safi iliyooshwa inatosha, spiriti sio lazima nyumbani, na kama anaitumia aache ikauke, ikiwa mbichi inachoma. Asichome kupitia nguo maana haoni sehemu wala hawezi kuinua ngozi. Ainue ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, anaweza kuongeza cha kati, asikamate kwa mkono mzima kwa sababu hapo anainua na msuli. Tunachotaka ni mafuta ya chini ya ngozi. Ikiingia kwenye msuli inauma, inanyonywa haraka mno na sukari inashuka ghafla.

Sindano za mabomba ni ndefu, nyingi milimita 8 na zaidi, kwa hiyo mwenye bomba ainue ngozi siku zote, na mtu mwembamba au mtoto achome kwa kulalia, nyuzi 45. Mwenye mwili anaweza kuchoma wima. Aingize kwa mara moja bila kusitasita, kusitasita ndo kunauma, asukume taratibu mpaka mwisho, atoe sindano, ndo aachie ngozi. Asisugue. Tone la damu likitoka abonyeze kwa pamba kidogo, basi.

Wenye peni, ile kalamu ya kujichomea yenye insulini ndani, wana mambo mawili matatu ya ziada. Sindano ya milimita 4 inamtosha karibu kila mtu, mnene na mwembamba, na inaingia wima. Kila kabla ya kuchoma azungushe uniti 2 arushe hewani aone tone limetoka, lisipotoka arudie. Akishabonyeza mpaka mwisho ahesabu mpaka 10 taratibu ndo achomoe, akiwahi dawa inadondokea nje. Sindano atoe kwenye peni kila akimaliza, ikibaki hewa inaingia na dawa inavuja. Na peni haichangiwi, hata kama baba na mama wote wana sukari na sindano wamebadilisha, damu inaweza kurudi ndani ya ile katriji (kichupa cha dawa kilichomo kwenye peni) bila kuonekana, hapo unazungumzia virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Bomba nalo ni hivo hivo.

Kuhusu kurudia sindano. Imetengenezwa itumike mara moja, hilo ndo la kufundisha. Ila najua na wewe unajua kwamba watu wanarudia kwa sababu ya hela, na ukigomba tu watakuficha. Muulize kwa upole anarudia mara ngapi, mweleze kwamba ncha inapinda, inaumiza na inaleta ule uvimbe, na kwamba asije akaifuta kwa spiriti kwa sababu inaondoa ule utelezi uliopakwa kiwandani. Msaidie apate mabomba ya kutosha kabla ya kumlaumu.

Chakula

Insulini ya maji na Mixtard zinachomwa kama nusu saa kabla ya kula. Mimi naweka hivi: kama sufuria haijafika jikoni, usichome. Ugali uwe unaonekana ndo bomba litoke. Na siku ambayo chakula hakipo au mtu anatapika asiamue mwenyewe kuacha insulini yote, apige simu au aje, kwa sababu mgonjwa akiumwa sukari inaweza kupanda hata bila kula. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu, tumbo kuuma, pumzi inanuka matunda yaliyoiva sana, huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo, usiku ama mchana.

Kuitunza

Ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, rafu ya kati au mlangoni, mbali na sehemu ya kugandisha. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje kwenye ubaridi, chini ya nyuzi 25 au 30 kama pakiti inavyoelekeza, kwa wiki nne. Aandike tarehe ya kufungua kwenye plasta abandike kwenye chupa. Hapa piga hesabu naye: chupa ina uniti 1000, anayetumia 40 kwa siku inaisha siku ya 25, sawa, lakini anayetumia 20 siku ya 28 ikifika amebakiza 440 na inamuuma kuzitupa, ataendelea kuitumia kimya kimya. Mwambie mapema kwamba nguvu yake haina uhakika tena, na kama kuna katriji za mililita 3 zenye uniti 300, mtu wa dozi ndogo ndo zinamfaa.

Nyumba zetu nyingi ni bati bila dari, mchana juu ya kabati ni moto kweli, na zile za kule kwenye vilima vya mawe ndo zaidi. Asiye na friji atumie vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi, akiweke kivulini panapopita upepo, chupa iwe kwenye kikopo kikavu ndani. Kinafanya kazi. Cha kuogopa sana huku kwetu ni barafu. Watu wa mialoni, kule samaki wanakoshushwa, wanaona kuna boksi la barafu la samaki wanatumbukiza na insulini humo, ikigusana na barafu ikaganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima usiitumie. Anayesafiri na meli kwenda Nansio aibebe kwenye mkoba wa mkononi imefungwa kitambaa chenye unyevu, sio juu ya dashibodi ya gari wala kwenye mzigo uliopigwa jua.

Sindano zilizotumika ziingie kwenye kopo gumu la plastiki lenye kifuniko, dumu dogo la mafuta ya kula linafaa, likijaa robo tatu afunge alete kituoni litupwe pamoja na sefti boksi zetu, yale maboksi ya sindano zilizotumika. Isitupwe jalalani wala mtaroni, mvua ikinyesha kila kitu cha vilimani kinashuka ziwani na watoto wanaogelea kule.

Sukari ikishuka

Hili usimwachie atoke bila kulijua, na ndugu yake pia. Jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, kuongea ovyo, ukali usio wa kawaida yake. Chini ya 4 (mmol/L) kwenye mashine ni kushuka, na kama mashine haipo atibiwe hivo hivo bila kusubiri. Vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji kidogo, au nusu chupa ya soda ya kawaida, ile isiyo na sukari haisaidii. Dakika 15 apime tena au ajisikilize, bado iko chini arudie, ikipanda ale chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, alazwe ubavu, akimbizwe hospitali. Sukari kwenye kikaratasi iwe mfukoni kila siku, nami huwa namwomba anionyeshe hiyo sukari akija tena, kama vile ninavyomwomba kadi.

Akirudi baada ya wiki

Mwambie aje na mfuko mzima: chupa, mabomba, daftari, kopo la sindano. Usianze kwa kuuliza "unaendeleaje na sindano", mwambie nionyeshe. Atavuta, utaangalia kama amechanganya kabla, kama amesoma namba au amehesabu vistari, kama ameinua ngozi, kama ameachia ngozi kabla ya kutoa sindano. Sahihisha kitu kimoja au viwili siku hiyo, vingine ziara ijayo, ukimrundikia atashika tupu. Papasa tumbo na mapaja kila ziara hata kama sukari iko vizuri. Na kama mkono unatetemeka au macho yamegoma, mwite yule binti au mjukuu aliyemsindikiza ambaye amekaa nje na simu, aingie, anawe mikono, akae kwenye kiti, naye avute dozi mbele yako tangu mwanzo.